Barua ya wazi kwa wakuu wa shule na maafisa elimu: riadha inapimwa tu, haifundishwi

Wakuu wa shule, maafisa elimu, wasimamizi wa mitaala na yeyote anayeshika kalamu siku ya kupanga ratiba,

Shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa michezo, sina cheo, sijatumwa na mtu, naandika kwa sababu nimechoka kusema haya ofisini yakaishia humo humo ofisini. Nitaandika kama ninavyoongea maana nikianza kutafuta lugha ya kiofisi sitamaliza, na nyie mtasinzia kabla hamjafika katikati.

Nina neno moja tu. Riadha shuleni haifundishwi, inapimwa. Hebu angalieni kipindi cha riadha kinavyokwenda sehemu nyingi: watoto wanapangwa mstari, mwalimu anasimama kule mwisho na stopwochi, filimbi inalia, wanatoka nduki mita 100, anaandika muda, wawili watatu waliotangulia anawaambia nyie mbaki, wengine kaeni kivulini. Kipindi kimeisha. Hapo nani kafundishwa nini? Ni sawa na mwalimu wa hesabu aingie darasani siku ya kwanza, agawe mtihani wa kugawanya kabla hajafundisha kugawanya, asahihishe, waliopata awapeleke mashindano na waliokosa awaambie nyie hesabu sio fani yenu. Si tungemshangaa? Ila kwenye mbio tunaona sawa tu kwa sababu eti kukimbia mtu anazaliwa nako.

Mi mwenyewe ni mtoto wa hicho kivuli. Nikiwa na miaka 12 nilikimbia mita 100 mara moja, nikawa wa tatu kutoka mwisho, nikaambiwa nikae pembeni nishike nguo za wenzangu. Nimeshika nguo za watu mpaka namaliza sekondari. Nilipoingia chuo cha ualimu ndo mkufunzi mmoja akaniona nakimbia kama mita 30 hivi, akanisimamisha, akacheka (kwa upole, sio kwa dharau), akasema wewe unakimbia kama unafagia, mikono yako inakata mbele ya kifua, ndo maana mwili mzima unayumba kushoto kulia, hebu peleka mkono mbele na nyuma, sukuma kiwiko nyuma, ngumi isivuke katikati ya kifua. Akanirudisha mwanzo mara tatu. Haikuzidi dakika tano. Dakika tano ambazo nilizikosa miaka yote ile, na sikuja kuwa bingwa, nilibaki mtu wa kawaida tu, ila niliacha kuogopa kukimbia mbele za watu. Hilo tu ndo ninalotaka kwa watoto wangu.

Sasa najua kuna mtu keshaanza kusema kwamba kasi ni kipaji. Ni kweli, kasi ina sehemu yake ya kuzaliwa nayo, sibishi. Lakini nendeni mkaangalie mbio za kupokezana vijiti Olimpiki ya Rio 2016, mita 100 mara nne wanaume. Japani walichukua medali ya fedha kwa sekunde 37.60, nyuma ya Jamaika ya Usain Bolt, na kati ya wale Wajapani wanne hakuna hata mmoja ambaye mpaka siku hiyo alikuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10. Hata mmoja! Walichokuwa nacho ni kupeana kijiti, wamekifanyia mazoezi mpaka mkono unajua wenyewe pa kwenda. Na miaka nane kabla, Beijing 2008, Marekani yenye watu wa kasi hiyo tunayoiita kipaji ilidondosha kijiti wanaume na wanawake, wote kwenye mchujo, fainali wakaiangalia kama mimi na wewe.

Hilo nililijaribu kwangu. Nilikata mpini wa fagio vipande vya kama sentimita 30, nikavisugua na msasa, ndo vijiti vyetu. Nikachukua wanne wa kasi kabisa wa darasa, wale ambao kwa utaratibu wa kawaida ndo wangekuwa timu ya shule, nikawaacha wakimbie wanavyojua. Halafu nikachukua wanne wa katikati, mmoja wao binti ambaye kila siku ya michezo alikuwa anaumwa tumbo, nikawafundisha vipindi vitatu kitu kimoja tu. Anayepokea anahesabu nyayo 15 kurudi nyuma kutoka anaposimama, anachora mstari kwa chaki. Mwenzake anayekuja akiukanyaga ule mstari tu, yeye anaondoka kwa nguvu zote bila kuangalia nyuma, haangalii kabisa, mpaka asikie "hop!" ndo mkono unarudi nyuma kiganja wazi na unakaa pale pale bila kutikisika. Basi. Mara ya kwanza waliumbuka, kijiti kilidondoka na yule binti akanigeukia na jicho la "si nilikwambia". Nyayo 15 zilikuwa nyingi kwake, mwenzake alikuwa hamfikii, tukapunguza zikawa 12. Mara ya pili wakashinda. Sio kwa mbali, kwa kama hatua mbili hivi, ila wale wa kasi walikuwa wanasimama, wanageuka, wanapokea kijiti kama mtu anapokea bahasha dirishani, halafu ndo wanaanza upya kutoka sifuri. Darasa zima liliona kwa macho yake kwamba kuna kitu hapa kinafundishika. Binti wa tumbo siku hizi ndo ananidai vijiti kabla sijafika uwanjani.

Mkinielewa hapo, mengine yote ni matawi tu.

Tuanze na maksi, maana najua nyie mnapenda maksi. Msinilazimishe kumpa mtoto maksi kwa stopwochi peke yake. Watoto wa miaka 13 darasa moja, mmoja mwili umeshavuka, ana kifua na mapaja ya mtu mzima, mwenzake bado hajaanza hata kurefuka, na wasichana kwa kawaida wanatangulia wavulana kama miaka miwili hivi. Ukiwapanga mstari mmoja ukawapima unapima nani kawahi kubalehe, haupimi alichojifunza. Tena yule aliyewahi ndo tunamwita kipaji, tunamzungusha mashindano, akifika miaka 17 wenzake wamemfikia anashangaa kulikoni, na yule mdogo ambaye pengine ndo angefika mbali tulishamweka kivulini zamani. Mimi daftari langu lina safu mbili, alikoanza na alipofika. Aliyeruka mita 2.10 mwanzo wa muhula akafika 2.60 anapata maksi nzuri kuliko aliyekuja na 3.50 akaondoka na 3.50. Mkaguzi mmoja aliniambia huo sio utaratibu. Sawa, ila utaratibu wenu unamlipa mtoto kwa tarehe yake ya kuzaliwa.

Halafu muda. Kipindi dakika 40, toa 10 za kubadilisha nguo na kutembea mpaka uwanjani. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anahitaji kwa wastani dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na angalau siku 3 za wiki kuwe na kazi nzito pamoja na ile inayojenga misuli na mifupa. Sasa rudini kwenye kile kipindi cha stopwochi, watoto 50, wanakimbia wawili wawili, kila mmoja zamu yake moja. Mtoto amekimbia sekunde 18. Dakika 29 na ushee amekaa. Tunaita kipindi cha viungo, viungo gani, vya kukalia?

Dawa yake haihitaji hela, ni kupanga tu. Vituo vinne, huku wanafanya mwanzo wa mbio, mita 10 tu na kurudi, huku wanaruka, huku wanarusha, huku wanapokezana vijiti, kila dakika sita filimbi wanahama. Mwalimu anasimama kwenye kituo chenye hatari kuliko vyote, vingine vinajiendesha ukishawazoesha. Ila inabidi mtu aje amepanga, na hapa niseme ukweli kuhusu sisi wenyewe walimu, wengi tuliopewa kipindi cha michezo tumepewa kwa sababu ni vijana au kwa sababu ratiba ilikuwa na pengo, hatujawahi kufundishwa kumfundisha mtoto kukimbia. Mtu anapewa filimbi kama anavyopewa funguo za stoo. Tupeni hata semina ya siku mbili uwanjani. Semina ya kukaa ukumbini tukiangalia slaidi za riadha hapana, hiyo nimehudhuria, nimetoka na mgongo unauma.

Na kile kipindi chenyewe kuchukuliwa... mnajua. Mitihani ikikaribia, wa kwanza kuliwa ni mimi. Mwalimu wa hesabu anakuja na tabasamu, "mwalimu naomba nikamalizie mada". Nilishamwambia mmoja badala ya kunichukulia watoto njoo nao uwanjani, waambie Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 Berlin mwaka 2009 kwa hatua 41, watafute urefu wa hatua moja kwa wastani, halafu kila mtoto ahesabu za kwake aone tofauti. Akacheka. Ila alikuja, siku moja.

Adhabu sasa. Naomba hili mlisome mara mbili. Acheni kuwapa watoto mbio kama adhabu. Umechelewa, zunguka uwanja mara tano. Umepiga kelele, zunguka. Hujachomekea, zunguka. Mtoto anaanza kujua toka mdogo kwamba kukimbia ni kitu unachofanyiwa ukikosea, halafu Alhamisi mnanitaka nimfundishe kuzipenda mita 800. Mbona hatumwadhibu mtoto kwa kumpa kitabu cha hadithi asome? Tunajua angekichukia. Basi na huku ni hivyo hivyo.

Vifaa nitapita haraka, kwa sababu hii sababu ya "hatuna uwanja" imetumika mpaka imechakaa. Ndio, traki kamili ni mita 400 na leni moja ina upana wa mita 1.22, na ni nzuri, nani hataki. Ila mtoto anayejifunza hahitaji kuzunguka, anahitaji mita 60 zilizonyooka zisizo na mashimo. Viunzi vya wanawake kwenye mita 100 vina urefu wa sentimita 83.8, sasa mtoto wa miaka 11 vya nini? Weka kijiti juu ya maboksi mawili, sentimita 30 kutoka chini, hakijafungwa, akikigusa kidondoke chenyewe, na msogezee umbali mpaka apate hatua tatu katikati ya kiunzi na kiunzi, maana kinachofundishwa pale ni mdundo wa hatua, urefu wa kiunzi utakuja baadaye. Tufe rasmi la wanaume ni kilo 7.26 na la wanawake kilo 4, mimi naanza na mpira mkuukuu uliojazwa mchanga, kilo moja au moja na nusu. Na nina ukaguzi wangu ambao watoto wanaupenda: tukimaliza nawaambia nionyesheni shingo. Tufe linakaa kwenye mizizi ya vidole na linabanwa shingoni chini ya taya, kwa hiyo aliyelishika vizuri vumbi liko shingoni na kiganja chake ni kisafi. Mwenye kiganja cheusi na shingo safi alikuwa analirusha kama jiwe la kupopolea embe, huyo kesho ataniambia kiwiko kinauma.

Kitu kimoja tu sikubali kukibuni, nacho ni pa kuangukia. Mchanga wa kurukia ulimwe kila siku ya kipindi, uwe laini mpaka chini, upitiwe na reki kutoa vioo na vijiti. Nimeshaona shimo la kurukia limegeuka sakafu, mtoto anatua kisigino kinagonga kama anaruka barabarani. Kwenye kuruka juu ndo kabisa. Mnamjua Dick Fosbury, yule Mmarekani aliyechukua dhahabu ya kuruka juu Olimpiki ya Mexico 1968 kwa mita 2.24 akiruka kwa mgongo wakati wenzake wanaruka kifudifudi. Ile staili alianza kuitengeneza akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, makocha wake waliishangaa lakini hawakumfukuza uwanjani, na hapo kuna somo la ualimu ningeliandikia barua yake peke yake. Ila iliwezekana kwa sababu wakati huo magodoro ya kuangukia yalikuwa yameanza kuingia badala ya mchanga. Bila godoro nene mtoto asifundishwe kuruka kwa mgongo, nukta. Afundishwe mkasi, anapitisha mguu mmoja mmoja na anatua kwa miguu, inatosha kabisa kwa umri wake. Mwaka jana niliambiwa niwafundishe ile ya mgongo kwa ajili ya maonyesho ya siku ya wazazi, godoro lenyewe la bweni, jembamba hili. Nilikataa nikaitwa mkaidi. Naomba liandikwe kwenye faili langu kwa wino usiofutika.

Mkuki vile vile. Msinipe watoto 90 peke yangu halafu mtegemee mkuki. Sheria zake ni chache na hazina mjadala, wote tunarusha kutoka mstari mmoja, hakuna anayevuka mstari mpaka wa mwisho arushe, filimbi, tunakwenda wote kuchukua tukitembea, mkuki unabebwa wima ncha chini. Niliwahi kuona mtoto anakimbilia mkuki wake huku mwenzake ameshainua mkono, na nilipiga filimbi mpaka ikanitoka mdomoni. Kwa wadogo tunatumia vya kurusha laini, hata World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, wana programu yao ya Kids' Athletics ya namna hiyo, vifaa laini na michezo ya timu, wameshafikiria hayo hawahitaji sisi tuanze moja.

Na tafadhali msinitajie Julius Yego, yule mrusha mkuki wa Kenya. Kila nikiomba kocha wa mkuki kuna mtu ananiambia mbona Yego alijifunza kwenye YouTube akawa bingwa wa dunia Beijing 2015, mita 92.72. Ndio, na namvulia kofia. Lakini alifungua video kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwelekeza, hiyo ni sifa yake yeye na ni aibu yetu sisi. Na kwa huyo mmoja aliyefika, hatujui wangapi waliangalia video zile zile wakatoka na bega linalouma.

Kuhusu wasichana niseme machache, maana mengi yanajulikana ila hayafanyiwi kazi. Wakifika umri fulani wanaanza kuumwa siku ya michezo tu. Sio uvivu. Hakuna chumba cha kubadilishia chenye komeo, sare ya michezo ilichaguliwa na mtu ambaye hatakuja kuivaa, na mwalimu anauliza kwa sauti mbele ya wavulana "we mbona umekaa?" Waruhusiwe suruali ndefu na fulana pana, wawe na mlango unaofungwa, na anayetaka kupumzika aniambie kwa ishara tuliyokubaliana bila maelezo. Kwangu ishara ni kushika saa ya mkononi hata kama hana saa. Waliokuwa wanakaa saba wamebaki wawili, na hao wawili kuna siku wanakimbia.

Na nina mwanafunzi mmoja asiyeona vizuri. Anakimbia na mwenzake wameshika kamba fupi, kila mmoja mwisho wake, mikono inakwenda pamoja, ndivyo wanavyofanya wakimbiaji wasioona kwenye Paralimpiki. Kamba ya kiatu. Kwenye ripoti ya shule ameandikwa "hashiriki michezo", sijui nani aliandika.

Sasa nataka nini? Kipindi kisichukuliwe. Adhabu za kuzunguka uwanja zikome, hata kwa tangazo moja tu la asubuhi. Maksi ziangalie mtoto alikotoka. Semina ya uwanjani. Na mchanga, jamani, mchanga, nimeomba mara tatu nimeambiwa niandike barua, haya hii hapa barua.

Kama mna shaka na nilichosema njooni Alhamisi kipindi cha tano, mje na raba na muache tai ofisini, maana sitawaweka kwenye viti. Tuko kwenye kuruka chini (long jump) wiki hii, kila mtoto ameshapima hatua zake saba za kukimbilia na kuchora alama yake kwa chaki pembeni ya njia, na zile alama wamenikataza nisizikanyage. Na nyie msizikanyage.

Wenu,
Mwalimu wa michezo